Belgasem Alipoinyamazisha Ngoma

—Kwa hiyo kesho utawapigia?

—Nitawapigia, Mbarka. Nimeshatoa neno.

—Basi harusi yetu hakuna. Shika hilo!

Belgasem akaiweka ngoma chini. Yeye ndiye kiongozi wa waimbaji weusi wa kijiji chao, kusini mwa Tunisia, kama baba na babu yake. Matajiri wa mtaa wa juu hawaozeshi bila ngoma hiyo. Waimbaji hupiga, kisha hulishwa uani. Lakini watu weusi wakiuomba ukumbi wa kijiji kwa harusi zao, huambiwa umejaa.

Mbarka alikuwa amepita nyumba kwa nyumba kuwashawishi akina mama wakaketi mlangoni pa ukumbi huo, wauzibe hadi nao wapewe siku, wakati wa harusi hiyo ya kesho, ya mtoto wa tajiri Haji Othmani.

—Babu zetu waliwapigia kwa sababu walikuwa watumwa wao. Wewe nani kakufunga?

—Hakuna. Ngoma ni yetu. Tukiitupa, watoto tutawarithisha nini? Hasira?

—Heshima!

—Una kichwa kigumu kama jiwe la kusagia.

—Na wewe una mgongo laini kama uji. Nenda!

Jioni simu ya Belgasem ikalia kwa ujumbe wa Mbarka: "Usinilazimishe kuchagua kati yako na ngoma."

Akajibu: "Umeshachagua."

Kisha akatandika mkeka, akasujudu, akalia. "Mola wangu, kama si wangu, mtoe moyoni."

Kesho yake walikuja akina mama wachache tu; wengine waliogopa kukosa vibarua. Wakaketi mlangoni. Mara mdundo ukasikika.

—Huyo mwanaume wako, alikebehi Mesauda, mama mdogo wa Mbarka. Anakuja kutukanyaga kwa mapigo!

Bibi harusi alikuwa juu ya ngamia, ndani ya mapazia. Kwa mila za huko, msafara hufuata ngoma. Ngoma ikisimama, wote husimama.

Belgasem akamwona Mbarka vumbini. Akapiga pigo moja, kisha kimya.

—Piga, kijana! Haji alifoka. Jua linamchoma bibi harusi!

—Haji, hawa ni mama na dada zangu. Ngoma yangu haiwaruki.

—Nitaleta wapigaji wengine!

Wenzake wote wakashusha ngoma zao chini.

Pazia likafunguka.

—Baba mkwe, alisema bibi harusi, mimi siingii kimya kimya kama maiti. Wape wanachotaka!

Wageni wakaangua kicheko. Haji, mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, akajifuta jasho.

—Haya, ingieni mle chakula.

Mbarka akasimama.

—Chakula tunacho kwetu, Haji. Tunataka siku yetu, utamke mbele ya watu hawa.

—Siku gani?

—Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

—Harusi ya nani?

Mbarka akamtazama Belgasem, machozi yakimlenga.

—Yangu. Kama huyo mjinga mwenye ngoma bado ananitaka.

—Anakutaka! Belgasem akapayuka. Vigelegele vikapasua anga.

—Ijumaa ni yenu, alisema Haji. Sasa piga, mwanangu. Nakuomba.

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu wa mtaa wa juu akimwomba mpiga ngoma.

Ijumaa hiyo wakaingia kwa mlango wa mbele, bega kwa bega.

—Niambie kweli, Mbarka alinong'ona. Ulipanga kusimama?

—Wallahi sikupanga. Mikono ilikataa yenyewe.

Mbarka akaishika mikono ile miwili, akaibusu mbele ya watu wote.

—Alhamdulillahi, alisema. Aliyeikataza ndiye Mola niliyemwomba usiku ule.