Donati za Sahani Moja

Kila Jumamosi asubuhi nyumba yao ilinong'ona. Mama alikuwa mwokaji wa mikate, na waokaji hufanya kazi wakati wengine wanakoroma. Alirudi jua likichomoza, akavua aproni yake nje ya mlango, akaikung'uta, akanawa mikono mpaka viwikoni, ndipo akaingia ndani. Akishagusa kitanda, alilala fofofo. Watoto wake walijua kwamba mpaka atakapoamka, milango haibamizwi, sufuria haziangushwi, na mwenye kutaka kucheka acheke kimoyomoyo.

Binti yake, msichana wa darasa la saba, aliitwa Chapuchapu na mtaa mzima. Jina hilo alilipata kwa sababu hakuna kazi aliyoifanya taratibu. Alipoosha vyombo, vikombe vilikuwa vimeshapangwa kabatini povu likiwa bado linaelea kwenye karai. Mikono yake ilikuwa ya mama yake kabisa, myepesi na yenye kujua njia. Tangu akiwa mdogo wa kusimama juu ya kigoda, mama alimfundisha namna ya kuandaa trei kabla ya kuoka: paka mafuta, nyunyiza unga, igonge trei mara moja, umwage uliobaki. Aliyafanya hayo bila hata kutazama, na alijivunia sana.

Mdogo wake wa kiume, aliyeitwa Bwana Mdogo kwa ajili ya mwendo wake wa kizee, hakuwa na haraka na jambo lolote, hasa chakula. Kabla hajatia kitu mdomoni, alimtazama usoni aliyempa na kuuliza, "Una uhakika?"

Haikuwa jeuri. Bwana Mdogo alikuwa na maradhi ya utumbo ambayo ngano huyachokoza, hata ikiwa kidogo namna gani. Daktari alikuwa amemkataza ngano moja kwa moja, na nafaka nyingine zote akamwambia aziache kwanza mpaka utumbo upone. Muda si mrefu uliopita, kwenye sherehe ya mwenzake, aliona haya kukaa mikono mitupu wenzake wakila. Akapokea kipande cha keki. Mama mwenye sherehe alikuwa amemhakikishia kuwa hakina ngano, kumbe alikuwa amekisia tu. Mtoto aliugua hata macho yakaingia ndani, na tangu siku hiyo alikwenda kwenye sherehe na ndizi mfukoni. Wenzake wakila, naye alimenya ndizi yake pembeni.

Leo ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na wenzake wa darasani walikuwa wanakuja alasiri. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu.

"Nataka sisi sote tule kutoka sahani moja," alimwambia dada yake. "Kitu kilekile wanachokula wao, nami nile."

"Kitu gani?"

"Donati. Zile zenye mdalasini."

Chapuchapu alimwitikia papo hapo. Baadaye ndipo alipojua ameahidi nini.

"Donati bila ngano?" aliuliza rafiki yake Miwani, msichana wa nyumba ya pili aliyekuja kumsaidia. "Na mahindi hayatakiwi, na mchele hautakiwi? Shoga, hiyo ni sawa na kupika chai bila maji."

"Basi leo utakunywa chai isiyo na maji," alijibu Chapuchapu huku akifunga aproni. "Twanga korosho."

Kabati la jikoni lilikuwa na rafu mbili. Ya juu ilikuwa na kopo la unga wa ngano na vitu vya watu wengine. Ya chini, iliyofunikwa kitambaa chekundu, ilikuwa ya Bwana Mdogo peke yake: bakuli lake, mwiko wake, unga wake wa muhogo, na siku hizi trei mpya ya donati ambayo mama alimnunulia. Mama alikuwa ametahadharisha kwamba trei za kazini zisitumike kamwe, kwani unga wa ngano huganda kwenye pembe zake.

Nje upepo wa msimu wa baridi ulikuwa unayapukutisha majani ya miti ya barabarani, na sokoni maboga yalikuwa yamejaa tele. Chapuchapu alichemsha kipande cha boga, akakiponda mpaka kikawa laini. Akachanganya korosho zilizotwangwa na unga wa muhogo, akatia mdalasini, tangawizi, kungumanga na chembe ya karafuu. Akaongeza mayai, sukari, mafuta, magadi na matone ya ndimu. Jiko zima likanukia hata Bwana Mdogo akachungulia mlangoni, akafukuzwa kwa mwiko.

Donati za kwanza zilitoka bapa na ngumu. Miwani aliinua moja, akaigonga kwenye meza, akasema inafaa kutiwa kwenye kiatu kilichotoboka. Za pili zilipendeza kwa macho, lakini zilipoguswa tu zikamomonyoka zote. Chapuchapu aliketi chini. Kwa dakika chache alitamani kulia, kisha akakumbuka mama alivyomwambia jana yake: unga usio na ngano hauna mnato, na mtu mwenye papara hauwezi. Uongezewe yai, kisha uachwe upumzike kwenye bakuli kabla ya kutiwa motoni.

"Wewe, kupumzika?" Miwani alicheka. "Hilo nitalitazama."

Alisubiri. Ilimuuma, lakini alisubiri, ameikalia mikono yake kama anayeogopa itatoroka. Donati za tatu ziliumuka vizuri, zikakaza, zikapata rangi. Ila zilikuwa zimeshika trei. Alipozibandua, nusu zilitoka na nusu zikabaki.

Saa zilikuwa zinakwenda. Alisugua trei, akaikausha, akachanganya tena na kusubiri tena. Safari hii alipaka mafuta vizuri, akamalizia maandalizi chapuchapu, akajaza vishimo na kutia trei ndani ya oveni. Alipoitoa na kuigeuza, donati zilidondoka zenyewe moja baada ya nyingine, nzima, za rangi ya dhahabu, hazina hata mkwaruzo. Miwani alipiga makofi bila sauti ili asimwamshe mama. Chapuchapu alizivingirisha kwenye sukari na mdalasini, akazipanga juu ya sahani kubwa. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuipata kwenye mtihani wowote.

Akafuta mikono kwenye aproni yake ya buluu. Ikaacha alama nyeupe za vidole.

Aliziangalia zile alama. Unga wa muhogo alikuwa ameumimina kwa kijiko. Hakuugusa kwa mkono. Akainua macho polepole kwenye rafu ya juu. Kopo la ngano lilikuwa wazi, kifuniko kimelazwa pembeni.

Paka mafuta, nyunyiza unga, igonge trei, umwage uliobaki. Mkono ulikuwa umekwenda wenyewe.

"Miwani," alisema, na sauti yake ikawa ndogo. "Nimenyunyiza ngano kwenye trei."

Miwani aliitazama sahani, akamtazama rafiki yake. "Si umeimwaga? Hilo ni vumbi tu. Halionekani hata kidogo." Akasogea karibu. "Watoto wanakaribia kufika. Na korosho zimekwisha, zimebaki zile zisizotwangwa. Sisi wawili tukinyamaza, nani atajua?"

Chapuchapu aliziangalia tena zile alama. Ni kweli, hakuna ambaye angejua. Hata Bwana Mdogo akiumwa kesho, ingesemwa pengine ni boga, pengine ni baridi. Alijiona akimpelekea donati, naye akimtazama usoni na kuuliza swali lake. Akajaribu kimoyomoyo kumjibu, "Nina uhakika." Maneno hayakutoka hata kwa mzaha.

Aliichukua sahani, akaifunika, akaiweka kwenye rafu ya juu. Kisha akaenda sebuleni, ambako Bwana Mdogo alikuwa amevaa shati lake jipya na kupanga vikombe mezani.

"Bwana Mdogo, nimekosea," alimwambia. "Donati zimetoka nzuri, lakini nilinyunyiza ngano kwenye trei bila kufikiri. Wewe huwezi kuzila."

Mdogo wake aliacha kupanga vikombe. Midomo ilimcheza, akaikaza kiume.

"Kwa hiyo nikachukue ndizi yangu," alisema.

Hapo Chapuchapu aliona uchungu kuliko kama angetukanwa. Alipiga magoti mbele yake. "Usichukue ndizi. Donati zitachelewa, lakini zitakuwepo. Wenzako wakija, cheza nao nje mpaka niwaite. Unaweza kunisubiri?"

Bwana Mdogo alifikiri kwa kituo, kama wafanyavyo wazee. "Mimi naweza kusubiri," alisema. "Sijui wewe."

Aliporudi jikoni alimkuta mama amesimama katikati, kanga begani, macho bado na usingizi. Alikuwa amesikia yote. Chapuchapu alijiandaa kugombezwa.

"Trei imeguswa na ngano, bakuli je?" mama aliuliza.

"Bakuli halijaguswa, mama. Lakini nitaviosha vyote. Na meza."

"Anza na mikono yako. Vua na hiyo aproni."

Mama alivuta kigoda, akaketi, akaacha kazi mikononi mwa mwenyewe. Chapuchapu alinawa mpaka viwikoni. Alisugua trei kwa brashi, kila kishimo, kila pembe, akaisuuza, akaisugua tena na kuisuuza tena. Miwani naye, bila kuambiwa, alishika mchi na kutwanga korosho zilizobaki mpaka miwani yake ikashuka puani. Watoto walikuwa wameshafika, kelele zao zikisikika uani.

Ilipofika zamu ya kupaka mafuta, Chapuchapu alisita. "Mama, nisiponyunyiza kitu zinashika."

"Ngano inafanya kazi gani pale?"

"Inazuia zisishike."

"Na lazima iwe ngano?"

Chapuchapu alitazama rafu yenye kitambaa chekundu. Akachukua unga wa muhogo. Akaunyunyiza polepole, macho yote kwenye vidole vyake, na kila hatua akaitaja kwa sauti kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Mama alitabasamu.

Jua lilikuwa limeanza kulegea donati zilipotoka. Ziliteleza nje ya trei nzima nzima. Mbili zilipinda kidogo upande mmoja, na Miwani alidai zinamwinamia kwa heshima. Zile zilizoguswa na ngano alikwisha kuzipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa nyuma, ambaye alizipokea bila maswali.

Watoto waliitwa, wakaingia kwa vurugu na kuizunguka meza. Sahani ilikuwa moja tu. Chapuchapu aliishika mwenyewe mbele ya mdogo wake, akasimama akisubiri lile swali. Jibu lake lilikuwa tayari.

Bwana Mdogo aliinua mkono, akachukua donati, akaing'ata. Sukari ikamjaa kwenye mashavu. Akachukua nyingine, akampa mwenzake aliyekaa karibu. "Kula," alimwambia, "kapika dada yangu."

Chapuchapu alirudi jikoni na sahani tupu, akajifanya anatafuta kitambaa. Mama alimfuata.

"Hakuniuliza," Chapuchapu alisema huku akijifuta macho kwa kiganja. "Mama, nilikuwa tayari kujibu, naye hakuniuliza."

"Angekuuliza ya nini?" mama alisema. "Mwanangu, mimi nimeoka miaka mingi, na makosa kama lako nimeyafanya. Mkono ukizoea, unaweza kukutangulia. Ndiyo maana chakula cha mgonjwa hupikwa kwa macho na akili, haraka ikiwekwa kando. Lakini hata ukiwa mwangalifu, siku moja utakosea tena. Siku hiyo fanya kama ulivyofanya leo: sema mapema, halafu safisha na uanze upya. Yule mdogo wako hakukuamini kwa sababu donati ni tamu. Amekuamini kwa sababu ulimwambia ukweli wakati ungeweza kunyamaza."

Chapuchapu aliitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kopo la ngano, akalifunga vizuri, akalipeleka kwenye kabati la ukumbini, mbali na jiko. Aliporudi alimkuta Bwana Mdogo mlangoni, mdomo umejaa sukari.

"Zimebaki?" aliuliza.

"Imebaki moja niliyokuwekea hapa jikoni, moja ya zile zilizopinda."

Akaipokea, akaigawa katikati, akampa dada yake nusu.