Hyasinta na Neno "Rudia"

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Hyasinta alifunua mtungi jikoni kwake. Aliingiza mkono majini, akabonyeza mihogo iliyolowekwa. Ikiwa migumu, alifunika tena. Ikiwa laini, alifurahi, maana siku hiyo ni ya kuanika. Baada ya kuanika kuna unga, na baada ya unga kuna ugali.

Mwaka huo jua lilikuwa kali mno. Pale Guta, kijijini kwao, mahindi yalikauka yakiwa na kimo cha goti. Ukienda Bunda mjini, duka lina rafu tupu na mwenye duka anafukuza nzi. Kilichobaki shambani ni mihogo michungu. Mihogo hiyo haiogopi jua, lakini ina sumu, na ukame ukizidi, sumu nayo huzidi. Watu walilijua hilo, ndiyo maana waliloweka.

Lakini njaa mwana malegeza. Siku moja Hyasinta aliona mihogo ya mtungini imekaribia kulainika, ila ni michache. Akachimba mingine, akaimenya, akaitumbukiza humo humo. Ndipo alipokumbuka maneno ya Nesi Dorotea wa zahanati. Kwenye mkutano wa kijiji Nesi alisema, "Mkiongeza mihogo mibichi kwenye mtungi, mrudie."

Mrudie! Hyasinta aliona ni jambo jepesi. Ukisahau jembe shambani, si unalirudia? Unarudi, unalichukua. Basi kesho yake akarudi mtungini, akatoa mihogo yote. Mingine ilikuwa bado migumu. Moyo ulisita kidogo, lakini Wegesa, binti yake, alikuwa analia njaa. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Hyasinta akaikatakata, akaianika juu ya mwamba, akaitwanga hata kabla haijakauka vizuri.

Mchana wakala, mama na mtoto. Hyasinta alikula matonge mawili tu, ili Wegesa ashibe.

Haukupita muda mrefu. "Mama," Wegesa akasema, "nyumba inazunguka."

Akatapika. Akajaribu kusimama, miguu ikamkatalia, akaanguka karibu na kinu.

Hyasinta alimkumbuka Ryoba, mtoto wa jirani. Ryoba alikuwa hodari wa kukimbiza mbuzi. Asubuhi moja aliamka miguu imekakamaa. Sasa anatembea kwa fimbo mbili, anakanyaga kwa vidole, magoti yanasuguana. Watu walinong'ona kwamba amerogwa.

Leodgar, mumewe, alitokea ziwani akaikuta hali hiyo. "Mama Wegesa, huu ni mkono wa mtu. Twende kwa mganga kwanza."

"Mganga yupi, Baba Wegesa? Mtoto anakufa! Mbebe, twende zahanati!"

Leodgar akambeba, wakashika njia. Kila hatua Hyasinta aliita, "Wegesa! Wegesa!" Mtoto alipoitika, mama alipata nguvu. Aliponyamaza, yeye mwenyewe aliona giza.

Nesi Dorotea alimpokea mtoto, akamhudumia haraka. Kisha akauliza, "Amekula nini leo?"

"Ugali wa muhogo," Hyasinta akajibu. "Tunakulaga kila siku, Nesi."

"Uliloweka?"

"Niliiloweka. Halafu nikaongeza mibichi. Halafu nikairudia, kama ulivyotuambiaga."

"Ulirudiaje?"

"Si nilirudi nikaitoa?"

Nesi Dorotea akaketi. Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Mungu wangu. Neno ni langu, na mtoto ni wako. Nilisema mrudie, nikiwa na maana mfanye tena kazi yote ya kuloweka. Wewe ukasikia mrudi mkachukue. Wala hukukosea kusikia. Kiswahili ndivyo kilivyo."

"Sasa mibichi inaendelea na siku za ile ya zamani?" Leodgar akauliza.

"Hapana! Kuendelea ni kushika pale ulipoachia. Mihogo mibichi haikuachia popote, imeingia leo. Acheni neno langu la rudia. Shikeni hili: kuanza upya. Ukiongeza hata mmoja, siku za nyuma zimefutika. Leo ndiyo siku ya kwanza. Unasubiri siku tatu, nne, mpaka yote ilainike hadi katikati. Maji yake mwaga. Kisha anika juani mpaka ikauke kabisa. Na ukiwa na mtungi wa pili, mibichi iweke huko."

"Na Ryoba?" Hyasinta aliuliza kwa sauti ndogo. "Hajarogwa?"

"Hajarogwa. Ni sumu hii hii, ikiliwa kidogo kidogo siku nyingi, bila dagaa wala maharage. Miguu ikishakaza hairudi kama zamani. Ndiyo maana nawatisha."

Hyasinta alitishika kweli. Alikaa kando ya kitanda akikandakanda miguu ya Wegesa, akipima kama imekaza. Jua lilipoanza kuteremka, Wegesa akaomba maji. Kisha akakunja goti lake mwenyewe. Hyasinta akalia mbele za watu, wala hakuona haya.

Nyumbani wakaloweka mihogo mingine. Siku zikaenda. Asubuhi moja Hyasinta alibonyeza, akakuta imelainika vizuri. Akaenda kufagia mwamba wa kuanikia. Aliporudi, Leodgar alikuwa mlangoni anacheka, mikono imelowa.

"Nimekusaidia, Mama Wegesa! Nimeongeza mingine mtungini, nimeichanganya vizuri."

Hyasinta alitazama mtungi. Wegesa alikuwa amekaa karibu na jiko, analia njaa. Hyasinta alitamani kuzamisha mkono na kuokoteza ile laini. Lakini ataitambuaje kwa hakika? Mkono ukikosea mmoja tu?

Akafunika mtungi.

"Baba Wegesa, leo ndiyo siku ya kwanza."

"Lakini ile ya juzi..."

"Tumeanza upya."

Leodgar aliinamisha kichwa. Aliona tumbo la mtoto, akaona na miguu yake. Akachukua nyavu, akarudi ziwani. Siku hizo walikula dagaa na mlenda. Wegesa alilia, na mama yake alimwacha alie.

Hatimaye mihogo yote ikalainika. Ikaanikwa mpaka ikavunjika kwa mlio mkavu. Ikatwangwa. Ugali ukasongwa, ukawekwa mezani pamoja na dagaa. Wegesa akala, Leodgar akala. Hyasinta alinawa mikono, lakini hakugusa chakula. Alikuwa anamtazama mtoto.

"Mama, mbona huli?"

"Nitakula. Kacheze kwanza."

Wegesa akatoka. Muda ukapita, ugali ukaanza kupoa. Mbuzi wa jirani waliingia uani, na Wegesa akapiga kelele, akawafukuza mbio hadi nyuma ya ule mwamba, vumbi likatimka.

Ndipo Hyasinta alipokata tonge lake la kwanza.