Lori Refu Kwenye Upepo wa Machochwe

Tairi za kushoto ziliachana na ardhi, na Wegesa akahisi usukani umekuwa mwepesi mikononi kama ungo mtupu.

Zikarudi chini kwa kishindo. Akafunga breki. Kushoto kwao, uwanda wote wa Machochwe ulikuwa umemezwa na ukuta wa vumbi jekundu uliogusa mawingu, na ndani yake radi zilikuwa zikitembea. Tangu aanze udereva hakuwa amewahi kuona kitu kikubwa namna ile kikisogea.

"Mungu wangu," alinong'ona Obura, fundi wa kuchomelea kutoka Nyamisangura, aliyeketi kando yake. Ndiye aliyeliongezea lori lile bodi: mabomba marefu, juu yake turubai. Asubuhi walipakia magodoro ya bweni la shule. Yalijaa mpaka juu, lakini uzito hakuna.

Upepo ukapiga ubavu tena. Lori likainama, likabaki limeinama.

"Tunalala, fundi!"

"Geuza pua iutazame upepo!"

"Nikikata kona sasa tunapinduka. Turubai linabeba upepo wote!"

Obura akachomoa kisu. Akatokea mlango wa kushoto, akapanda bodi huku amekumbatia bomba. Kamba ya kwanza ikakatika. Ya pili ikamchapa kiganja, kikachanika. Akahamishia kisu mkono wa pili, akakata ya tatu.

Turubai likaruka likinguruma. Magodoro yakafuata, moja moja, kisha makundi kwa makundi, yakapaa juu ya migunga kama korongo weupe. Wegesa alisahau kuogopa. Tairi zikatua. Ng'ambo ya barabara aliona nyumbu mamia wamesimama, wote wameupa upepo mkia, hakuna hata mmoja aliyeutolea ubavu.

Akaliondoa lori, akakata usukani taratibu hadi pua ikaelekea kwenye vumbi. Lori lilitetemeka tu. Upepo ulipita katikati ya mabomba ukipiga mluzi.

Obura alipoingia, Wegesa alimfunga kiganja kwa kitenge. Mvua ya mawe ikaanza kushuka.

"Maji yapo?"

"Nusu chupa. Kunywa wewe, damu imekutoka."

Jioni wanaume wa kijijini walikuja na maksai wanne kulinasua lori kwenye tope.

"Shikamoo, mzee," Wegesa alimsalimu aliyetangulia, Nikodemo.

"Marahaba, binti. Wanawake wanaokota magodoro yenu huko mashambani. Kwetu nyumba mbili zimelala chini. Ninyi mmesimamaje?"

Obura alilitazama bodi lake.

"Nilipima mzigo, mzee. Upepo sikuupima."

Wegesa alikuwa ameshuka. Alitazama kule dhoruba ilikoelekea, bado imeziba nusu ya mbingu, ikienda zake polepole bila hata kujua kwamba imewaacha hai.