Tanuru Lenye Mimba la Gatete

Sogeeni. Mkeka huu ni mpana, nyie wa nyuma mnaogopa nini na mimi sijaanza? Wewe, weka chini huo muhogo, unatafuna kama mbuzi. Na hizo telefone zimeni, mtajua baadaye kwa nini. Nataka kimya mpaka nisikie makaa yanavyolia jikoni. Ee, hivyo. Murakoze, asanteni, wajukuu zangu.

Mambo haya si ya zamani. Ni juzi tu, mwaka ule ziwa lilipopanda likaingia mpaka vyumbani mwa watu, likala na michikichi ya hapa kwetu Gatete. Yalimpata Leonidasi. Shangazi yake, Elda, alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta, na yeye ndiye aliyenisimulia.

Leonidasi alikuwa mwanaume mzuri wa kutazama, na hovyo kwa mengine yote. Walirudi kutoka ukimbizini Tanzania yeye bado mtoto, wazazi wamekwisha kufa, Elda akamlea. Akakamua mawese mpaka mikono ikawa myekundu moja kwa moja, ampeleke shule Bujumbura. Kijana akakaa huko miaka miwili akarudi bila diplome. Alirudi na telefone kubwa na maneno.

Maneno, wanangu! Kila asubuhi alisimama kando ya maji akajipiga video, akiwaeleza watu wa mbali habari za mataifa ya kale yaliyopotea na elimu zao. Mara kuna mji umezama chini ya Tanganyika, wenye taa zisizozimika. Mara watu wa kwenye nyota walipita hapa wakafundisha hesabu, wakaenda zao. Mara Misri. Kila elimu kubwa aliitafutia mwenyewe, na mwenyewe huyo hakuwa kamwe na pua kama yake.

Na damu yake ni ya wahunzi! Baba yake Elda alifua majembe kule mlimani. Ukimkumbusha hilo, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Senge," alimwambia Elda, maana ndivyo wanavyomwita shangazi, "hao bazee bako hata sindano hawakuweza kutengeneza."

Elda alirudi kwenye mawese yake. Chanceline, mkewe Leonidasi, mimba ya kwanza, miezi minane na nusu, aliendelea kumenya ndizi ambazo mumewe hakuzilima.

Basi. Asubuhi moja, jua limetoka vizuri, watu wanaanika dagaa, ukingo nyuma ya nyumba yao ulimeguka. Michikichi miwili ikaenda na maji. Pale ilipokuwa mizizi pakabaki kitu kimesimama. Udongo ulioungua, mwekundu, mrefu kufika kiunoni. Mviringo. Mbele una matiti mawili yaliyofinyangwa kwa mkono. Chini ya matiti, tumbo. Na ubavuni limechomoza bomba la udongo, nene kama mkono wa mtu mzima.

Leonidasi alifika mbio, telefone mbele.

Elda alifika polepole. Akaangalia. Akavua kilemba chake akakiweka kifuani.

"Ni tanuru la chuma," alisema kwa sauti ya chini. "Baba alinieleza. Tanuru ni mwanamke. Huyu ni umuvyeyi, ni mzazi. Na angalia tumbo, halikufunguliwa. Waliokuwa wanamhudumia walikimbia kabla hajazaa."

"Walikimbia wapi, Senge? Walirudi kwenye nyota yao," akasema Leonidasi, naye anajipiga video.

"Tumfunike, mwana wangu. Au kama iko lazima umfungue, tungoje. Nipike uji. Mwanamke akizaa anahembwa, hata wewe unajua. Unampelekea chakula, unampokea mutoto mikononi, unamwambia: tumempokea. Baba alisema hata tanuru walilihemba hivyo hivyo."

"Uji? Kwa udongo?" Akageukia telefone. "Marafiki, mnasikia? Ndiyo maana hatuendelei. Hii hapa ni kazi ya taifa kubwa lililopotea. Si kazi ya kwetu. Watu wa kwetu hawakujua kitu!"

Akachukua mtaimbo. Akapiga chini ya tumbo, mara moja.

Udongo ukafunguka kama ulikuwa unangoja. Likaanguka donge la chuma, ukubwa wa kichwa cha mtoto mchanga. Nyie mnajua jembe la dukani likilala nje mvua moja linavyokuwa. Donge hili lilikaa ardhini vizazi na vizazi, ziwa likilinywesha, na halikuwa na kutu hata chembe. Leonidasi alilishika, akaliachia. Akalishika tena.

Lilikuwa na joto.

Mwenye akili angeishia hapo. Huyu alitaka kuwaonyesha watu wa telefone jinsi bomba lilivyofanya kazi. Akainama, akaweka mdomo kwenye lile bomba la udongo, akapuliza.

Bomba likavuta.

Alipojichomoa, ngozi ya mdomo wa chini ilibaki pale. Akacheka, akafuta damu. Lakini tangu hapo hakumaliza sentensi bila kupumzika katikati. Elda aliona. Akalisogelea tanuru, akanong'ona, "Mzazi, utusamehe, huyu hana adabu." Halafu akaenda nyumbani kusaga ulezi.

Leonidasi alibeba donge akaliweka mezani, barazani. Akalipiga picha kila upande. Akaingia kuoga. Alipotoka, meza ilikuwa tupu.

"Chanceline, umelipeleka wapi?"

"Mimi? Na tumbo hili niinue chuma?"

Walilikuta chumbani, juu ya kitanda. Limefungwa vizuri ndani ya kitenge kipya, kile Chanceline alichokiweka akiba ya mtoto. Limefungwa kama anavyofungwa mtoto, na upande mmoja umeachwa wazi.

Wa uso.

Chanceline alikaa chini. Akaweka mkono tumboni. Akangoja. Akaubadilisha, akaweka wa pili.

"Leonidasi," alisema. "Tangu asubuhi hajacheza."

"Amelala."

"Tangu ulipopiga ule mtaimbo."

Alitaka kumjibu, ana majibu ya kila kitu yule. Pumzi haikutosha. Na katika kimya kile, wakasikia. Fuu, fuu. Kimya. Fuu, fuu. Kimya. Elda alikuwa mlangoni na mwiko wa uji mkononi, akaujua mwendo ule. Ndivyo baba yake alivyovukuta mivukuto ya ngozi ya mbuzi, kulia, kushoto, halafu kupumzika.

Kitenge kilikuwa kinapanda na kushuka.

Uchungu ukamkamata Chanceline palepale. Barabara ya kwenda kituo cha afya ilikuwa chini ya maji, kwa hiyo akaitwa Jovita, mkunga wa mtaa. Jovita ni mtu wa maneno mengi na mzaha. Aliingia akisema, "Huyu naye anachagua saa ya jua kali, baadaye atakuwa mubishi kama baba!" Wanawake wakacheka. Baada ya hapo hakutoa mzaha tena.

Saa saba mchana mtoto alitoka. Msichana. Mzima, vidole vyote, nywele nyingi.

Rangi ya majivu.

Jovita alimpangusa. Akamgeuza. Akampiga nyayo. Akampulizia mdomoni. Hakuna. Akampulizia tena.

"Lia," alinong'ona. "Lia, mama. Lia."

Kilio kikatoka. Cha mtoto mchanga kabisa, chembamba, cha hasira. Chanceline akanyoosha mikono, anacheka na kulia. Kisha akamwona Jovita hajasogea. Mdomo wa mtoto ulikuwa umefungwa.

Kilio kilitoka chumba cha pili. Ndani ya kitenge.

Leonidasi alikuwa barazani. Taarifa zake zote za nyota na Misri, hakukuwa na hata moja ya kumsaidia. Elda alimshika shati kifuani, bibi yule mdogo, akamtikisa.

"Mzazi mmoja amenyang'anywa mutoto, akatukanwa, hakuna aliyempa hata maji. Sasa anachukua pumzi ya huyu amupe wa kwake. Chukua uji. Chukua na mutoto wake. Murudishe. Wewe mwenyewe, na huo mudomo wako."

"Senge, mimi..."

"Kimbia!"

Akakimbia. Sufuria la uji mkono mmoja, donge kwapani ndani ya kitenge. Mchana mweupe, jua la utosi. Lakini ukingoni hapakuwa na ndege. Dagaa walianikwa, na nzi hawakuwepo.

Tanuru lilikuwa linawaka. Kuni hakuna. Makaa hakuna. Wekundu ule ulitoka ndani ya udongo wenyewe. Na lilikuwa linahema, pole pole, kama mwanamke aliyeugua uchungu siku nyingi na wakunga wake wamemkimbia.

Alipiga magoti. Akalirudisha donge ndani ya tumbo. Likakaa pale pale, bila nafasi hata ya kupitisha kucha. Kilio kikakoma. Akaweka uji chini ya matiti.

"Tumempokea," alinong'ona. "Nimekosa, mzazi. Walijua. Walikuwa wa kwetu, na walijua. Mimi ndiye sijui."

Akasikiliza. Kutoka nyumbani, kimya. Hakusikia mtoto, ila sauti ya Chanceline moja tu, "Yooo," ile ya mtu anayeanza kuelewa.

Akatazama bomba. Asubuhi lilikuwa ubavu wa ziwani. Sasa lilikuwa upande wake. Juu ya mdomo wa bomba imeshikamana ile ngozi yake, bado mbichi.

Nimemdharau Leonidasi tangu nilipoanza, na sijamaliza. Lakini lile alilofanya saa ile nitalisema, kwa sababu ni lake. Alijua bomba linavyovuta. Akainama, akaweka mdomo.

Fuu, fuu. Kimya.

Fuu, fuu. Kimya.

Hakujichomoa.

Mara ya tatu, kule nyumbani mtoto akalia.

Wanawake waliokimbilia ukingoni walimkuta Leonidasi amelala kwenye nyasi, macho wazi, mdomo mweusi kwa masizi. Ukingo haukuwepo. Tanuru, udongo, bomba, vyote vimeingia ziwani, na maji pale yalikuwa yanachemka kidogo, mekundu.

Sufuria lilikuwa kando yake, kifudifudi. Elda akaliinua. Limekombwa, limeoshwa, linang'aa kuliko alivyolitoa kwake. Nanyi mnajua desturi: jirani akikuletea chakula, huwezi kumrudishia sufuria tupu, utatia hata chumvi kidogo.

Halikuwa tupu. Palikuwa na kitu kimelala kwenye majani chini yake. Elda alikiokota haraka akakificha kwenye pindo la kanga, akamwonyesha mpwa wake peke yake. Leonidasi akakitazama. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

Na sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, neno moja, apumzike, neno la pili. Hivyo ndivyo alivyomweleza Elda yote haya, siku nzima kwa hadithi ya dakika tano, yeye aliyekuwa hashikiki kwa kusema. Alilima kidogo, alivyoweza. Mtoto alimbeba kila siku. Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, pumzi ikaisha.

Sasa mjue nani alirithi nini.

Chanceline alirithi nyumba na michikichi iliyobaki, na bado anakamua mawese palepale. Telefone aliichukua Clever, rafiki yake wa kujipiga video, akafurahi kwamba ataendeleza kazi. Video zote zimo. Leonidasi anaonekana, mdomo unakwenda, mikono inarushwa. Ila sauti haimo. Ukisikiliza ni fuu, fuu, halafu kimya. Clever aliirudisha kabla jua halijazama, akaiacha mlangoni bila kubisha hodi.

Mtoto waliyempa jina Evangelina amerithi pumzi. Ana miaka mitatu, haongei sana. Anaokota mawe mekundu barabarani, anayapanga makundi mawili mbele ya mlango wangu. "Hili limeiva," ananiambia. "Hili bado." Nani kamfundisha? Jiko langu likizima, anachutama, anapuliza mara mbili, anapumzika. Majivu ya jana yanashika moto.

Elda alitutoka mwaka jana, Mungu amlaze pema. Mimi aliniachia kile alichokiokota chini ya sufuria. Haya, leteni mikono, mmoja mmoja, msikimbilie. Ni ya chuma, angalieni tundu lake lilivyotobolewa vizuri. Naishonea nguo zenu zote, haijapata kutu, haijapinda.

Sindano.

Shika, wewe uliyekuwa unatafuna. Shika, haikuchomi. Ee. Ndivyo ilivyo tangu siku ile.

Bado ina joto.