Bawaba za Lango la Chumvi

Kila Jumamosi asubuhi, Sauda alipomaliza kufagia uwanja na kuosha vyombo, alivaa suruali yake ya kazi, akajifunga kitambaa kichwani na kuvuka barabara kuu kwenda kwenye karakana ya baba yake. Hapo Somanga mabasi husimama kidogo, abiria hununua samaki wa kukaanga na korosho, kisha safari huendelea. Sauda hakuwa na habari na mabasi. Yeye alipenda chuma. Wenzake wa darasa la sita walimtania kwamba siku ya harusi yake atavaa miwani ya kuchomelea. Naye aliwajibu kwamba hiyo miwani ni nafuu kuliko macho mekundu.

Baba yake, Fundi Abdurahmani, alikuwa mtu wa maneno machache na masharti mengi. Sharti lake kubwa lilihusu chuma chakavu. Chuma chochote cha kununua lazima kilambwe kwanza. Mgeni akisikia hivyo hucheka, lakini mafundi wa huku hawacheki. Pwani hii ina mashamba ya chumvi, na chuma kilichokaa huko huoza ndani kwa ndani huku nje kikionekana kizima. Mtu akikipaka rangi, ndiyo basi, macho hayaoni kitu. Kwa hiyo fundi hukwangua kidogo kwa tupa mpaka chuma kitupu kionekane, akagusa kwa ncha ya ulimi, kisha akasukutua maji na kutema. Chumvi ikiwamo, hujitangaza yenyewe.

Jumamosi hiyo Nesi Scholastica alifika na gari lake kuukuu. Alikuwa akifanya kazi katika zahanati ya vijiji vya milimani, na gari hilo ndilo lililowabeba wagonjwa na akina mama wajawazito.

"Shikamoo, Nesi," Sauda alisalimia.

"Marahaba, fundi mdogo. Hujambo?"

"Sijambo."

"Abdurahmani, nisaidie," Nesi alisema akifungua mlango wa nyuma. "Tairi la akiba linakaa humu ndani, mgonjwa anakosa pa kunyoosha miguu. Nikiliweka juu ya paa, siwezi kulishusha peke yangu."

Fundi Abdurahmani alilizunguka gari taratibu. "Tutalitoa nje," alisema. "Tutatengeneza mkono wa chuma hapa nyuma, ubebe tairi. Lakini mkono huo lazima ufunguke kama mlango. Ukiuvuta pembeni, unafungua mlango wa gari bila shida."

Nesi alipoondoka kwenda sokoni, Fundi alimgeukia binti yake. "Kazi yote iko kwenye bawaba. Mlango wa nyumba umetulia mahali pake. Hili tairi litatikiswa na kila shimo la njia ya milimani, na uzito wote utaning'inia kwenye bawaba."

"Kwa hiyo bawaba za mlango wa nyumba hazifai," alisema Sauda.

"Hazifai. Za lango kubwa zinaweza kufaa, zikiwa nene na nzima. Au tutumie ile habu, kitovu cha gurudumu la zamani, yenye beringi zake. Hiyo imezoea kubeba gari. Ila ina kazi ya kukata na kuosha grisi." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Leo wewe ndiye utakayechagua."

Sauda alihisi kifua kinapanuka. Hakuwahi kuachiwa jambo zito namna hiyo. Aliitazama ile habu, nyeusi kwa grisi, mbaya kwa sura, akaona itamchukua siku nzima. Akachukua tupa, akaitia mfukoni na kwenda kwa akina Jenipher.

Sauda na Jenipher walikuwa chanda na pete. Walikaa dawati moja, walikula sahani moja, na siri ya mmoja ilikuwa siri ya wote. Mama yake Jenipher, Mama Yustina, aliuza chuma chakavu nyuma ya stendi. Wiki hiyo alikuwa amekwenda Kilwa Masoko kumuuguza dada yake, akawaachia uwanja Jenipher na kaka yake Ismael.

"Bawaba?" Jenipher alisema. "Umekuja wakati wake." Akaingia bandani, akatoka na bawaba mbili nene, nyeusi, zinazong'aa. "Hizi zimetoka kwenye lori la mbao. Hazijawahi kuona chumvi, hata ya mboga!"

Sauda alizipokea. Zilikuwa nzito mkononi, tena nzuri. Akatoa tupa yake. Hapo uso wa Jenipher ukabadilika.

"Sauda! Unataka kulamba chuma changu? Mimi na wewe? Unaniona mwongo?"

"Siyo hivyo. Ni sharti la baba."

"Sharti ni la watu baki. Basi lamba, kama urafiki wetu umefika hapo."

Sauda aliona aibu. Aliona kweli amekosa adabu, kama mgeni anayenusa chakula kabla ya kula. Tupa ikarudi mfukoni.

Karakanani, baba yake alizigeuza bawaba mikononi. "Umelamba?"

Neno "hapana" lilikuwa ulimini kabisa. Lakini Sauda aliufikiria uso wa Jenipher, akaifikiria na ile habu yenye grisi. "Ndiyo, Baba," alisema.

"Vizuri." Fundi hakuuliza tena. Alimwamini. Alimpelekea Jenipher malipo yake, akachomelea mkono wa chuma, na jioni Nesi Scholastica aliondoka na tairi lake likiwa nyuma ya gari.

Siku chache baadaye gari lilirudi, na mtu hakuhitaji kuambiwa kwamba mambo yameharibika. Tairi halikuwapo. Mkono wa chuma ulikuwa umepinda na kuulalia mlango wa nyuma.

"Nilikuwa na mama mwenye uchungu ndani," Nesi alisema. "Kwenye mteremko nikasikia kitu kinavunjika. Tairi likabingirikia kwenye mikorosho ya watu. Hilo dogo. Tulipofika zahanati, mlango ukakataa kufunguka! Tulimpitisha yule mama juu ya viti, kama gunia. Mungu ni mkubwa, amejifungua salama. Lakini wewe, Abdurahmani, umeniwekea kitu gani?"

Fundi Abdurahmani alichukua nyundo. Aliing'oa bawaba iliyovunjika. Ndani pini ilikuwa imeliwa, imebaki nyembamba. Akakwangua, akagusa kwa ulimi, akatema.

"Chumvi," alisema. Kisha akamtazama binti yake. "Uliniambia umelamba."

Sauda alirudi hatua moja nyuma. "Nililamba, Baba. Labda sikulamba upande huo. Lakini Jenipher aliniapia! Alisema zimetoka kwenye lori la mbao."

Jenipher aliitwa. Alisimama mbele ya watu wazima, mikono nyuma, macho chini. Sauda alimngoja kwa matumaini yote. Rafiki yake angesema kweli, na angalau aibu wangeigawana.

"Jenipher, mwanangu," alisema Fundi, "Sauda anasema ulimwambia bawaba hizi ni za lori."

"Sikumwambia hivyo, Mzee," Jenipher alijibu polepole. "Nilimwambia ni za lango la shamba la chumvi. Yeye mwenyewe akasema tuzipake rangi, wewe hutajua."

Sauda alimkodolea macho. Alidhani hakusikia vizuri. Yule yule wa sahani moja, wa dawati moja, anamgeuka mchana kweupe bila hata kupepesa macho!

"Mwongo!" hatimaye alipiga kelele. "Mwongo mkubwa wewe!"

"Basi," Fundi alisema. "Sijui nani mkweli kati yenu. Mpaka nitakapojua, Sauda, usiingie karakanani."

Kesho yake shuleni Jenipher alihamia dawati jingine. Wakati wa mapumziko habari ilikuwa imeenea kwamba Sauda ni mwongo na nusura amuue mama mjamzito. Sauda alikaa peke yake, akalia kwa hasira. Iliyomuuma zaidi haikuwa ile habari. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa ameilinda heshima ya Jenipher kuliko sharti la baba yake, na malipo yake yakawa hayo.

Lakini kila alipomtukana Jenipher moyoni, kitu kilimkwaza. "Ndiyo, Baba," nani alisema? Jenipher hakuwapo. "Labda sikulamba upande huo," nalo nani alisema? Alijaribu kuliruka jambo hilo, likarudi. Baba alishindwa kumwamini kwa sababu hata yeye alikuwa na uongo wake.

Jioni alimkuta baba yake nyumbani akitia udhu. Alimngoja amalize, kisha akapiga moyo konde.

"Baba, sikulamba. Upande wowote. Jenipher alinuna nilipotoa tupa, nikaona haya. Nilikudanganya mara mbili. Lakini kuhusu lori na rangi nimesema kweli tupu."

Fundi Abdurahmani aliweka birika la udhu kando. "Umeniumiza," alisema. "Ulipojibu 'ndiyo', sikuitazama tena ile bawaba, kwa sababu aliyejibu ni wewe." Sauda aliinamisha kichwa. Hakuwahi kuchapwa fimbo iliyouma kama maneno hayo. "Lakini sasa umesema. Baada ya swala twende kwa Mama Yustina. Nasikia amerudi leo."

Mama Yustina aliwapokea kwa bashasha, mpaka Fundi alipomwonyesha bawaba iliyovunjika. Aliitazama, bashasha yote ikamtoka.

"Hizi nilizitia kwenye gunia la chuma cha kuyeyushwa," alisema. "Zilikuwa na kutu tupu, hazina rangi. Nilisema mtu yeyote asiuziwe. Jenipher!"

Jenipher alitoka jikoni. Alipowaona wote watatu aliganda mlangoni.

"Kabla hajaulizwa mtu," Fundi alisema, "Sauda, sema ulichoniambia."

Sauda alisema tena, mbele ya Mama Yustina, kwamba hakulamba na kwamba alimdanganya baba yake. Jenipher alimsikiliza akiuma mdomo. Huenda alikuwa amejiandaa kwa matusi, siyo kwa hayo. Akaanza kulia.

"Ni mimi, Mama. Nilizipaka rangi mimi. Kila siku Ismael anauza, mimi naambiwa nifagie tu. Nilitaka ukirudi ukute na mimi nimeuza kitu."

"Na ukamchagua rafiki yako?" mama yake aliuliza.

Jenipher alifuta pua kwa mkono. "Mafundi wengine wote wangelamba. Nilijua Sauda hatalamba, kwa sababu mimi ni rafiki yake."

Hapo ndipo Sauda alipoumia kuliko siku zote. Kumbe Jenipher hakumdanganya kwa kukosa mtu mwingine. Alimchagua yeye hasa, akautumia urafiki wao kama mtu anavyotumia ufunguo kuingia nyumba ya watu. Sauda hakulia wala hakupiga kelele. Alisogea karibu na baba yake.

Mama Yustina alitaka kushika fimbo, Fundi akamzuia. "Kazi itamfunza zaidi, Mama Yustina. Jumamosi aje karakanani."

Jumamosi wasichana wawili waliosha ile habu kwa mafuta ya taa mpaka mikono yao ikawa myeusi, na hawakuzungumza ila la lazima. Fundi Abdurahmani alikata, akachomelea upya bila kumdai Nesi chochote. Walipolifunga tairi, lililookotwa kule mikoroshoni, Nesi Scholastica aliusukuma mkono kwa kidole kimoja, ukazunguka pembeni taratibu bila kelele. Mlango wa nyuma ukafunguka. Sauda na Jenipher walimwomba radhi, kila mmoja kwa kosa lake, naye akasema mtoto aliyezaliwa siku ile hajambo na ana sauti ya kupasua paa.

Gari lilipoondoka, Fundi aliwakalisha wote wawili kwenye benchi.

"Sikilizeni. Sauda, kupima kazi si kumtukana mtu. Siku unapoona haya kupima, mwingine anabeba hatari ambayo hakuichagua. Yule mama hakuwajua nyinyi wala bawaba zenu. Na uongo wako ulikuwa mdogo, neno moja tu, lakini ndio uliofungua njia kwa uongo wa mwenzio. Jenipher, mtu akikuamini amekukabidhi kitu chake. Ukikitumia kumdhuru, umemwibia, hata kama hukuchukua chochote mfukoni mwake. Mmeelewa?"

"Ndiyo, Baba."

"Ndiyo, Mzee."

Fundi alirudi kwenye kazi yake. Jenipher alibaki akizitazama kucha zake zenye grisi.

"Sauda," alisema, "Jumatatu nitawaambia darasa zima kwamba mimi ndiye niliyedanganya. Utanisamehe?"

Sauda alifikiri. Hakutaka kusema neno lolote ambalo si kweli, hata la kumfurahisha mtu anayelia. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini bado siwezi kukuamini. Nilikuwa nakuamini bila hata kufikiri, sasa itabidi nifikiri."

"Kwa muda gani?"

"Sijui, Jenipher."

Jenipher aliitikia kwa kichwa. Hakununa safari hii. Aliokota brashi na kuanza kusugua zana zilizobaki, na baada ya kitambo Sauda akasogea kumsaidia.