Kibali cha Milango Yote

Risasi ya pili ilipasua kioo cha nyuma cha Land Rover.

Jasusi Sikudhani hakugeuka. Alikanyaga mafuta.

"Inama, mzee!"

Mzee Yahaya, mchinjaji kutoka Mpwapwa, alikuwa ameshainama zamani. Nyuma yao Toyota Land Cruiser nyeupe ilichomoza kwenye vumbi, ikapotea, ikachomoza tena.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Kozi, Kozi, unanipata?"

Kozi lilikuwa jina la siri la Sikudhani; sauti ilikuwa ya Msafiri, jasusi mwenzake, aliyepandikizwa ndani ya genge la wageni waliokuwa wakivusha pembe za ndovu.

"Nakupata. Sema."

"Malori yanaondoka leo. Naijua njia. Natuma taarifa Dodoma kama kawaida."

"Usitume! Subiri sauti yangu."

"Mwisho saa nne, Kozi. Zaidi ya hapo mzigo umekwenda."

Risasi ya tatu iling'oa antena. Redio ikanyamaza.

Sikudhani alikata kona, akaingia kwenye mto mkavu. Land Rover ilipita ikiunguruma. Land Cruiser ikazama kwenye mchanga hadi ekseli.

Alikwisha kuwaponyoka watu wa genge. Lakini hakuwa na redio tena.

Ilikuwa mwaka 1994, enzi za ruksa. Wageni waliingia na mabegi, na kila ofisi ya serikali iliwapekua watumishi wake kivyake, ikichunguza asili na ndugu zao, bila kuuamini upekuzi wa ofisi nyingine. Asubuhi hiyo sera mpya ilikuwa mezani: upekuzi mmoja, kibali kimoja, milango yote. Mzee Bartolomayo, mkuu wa upekuzi, alisubiriwa kuweka saini.

Sera ilikuwa nzuri. Tatizo lilikuwa mtu mmoja.

Cornel Chilewa alipata kibali katika ofisi ndogo isiyo na siri yoyote. Kwa saini ile angehamia siku hiyohiyo kwenye chumba cha mawasiliano ya siri, chumba kilichopokea taarifa zote za Msafiri. Na Cornel alikuwa mtu wa genge. Angesoma taarifa moja tu, na Msafiri asingeliona jua likizama.

Kwenye geti la ofisi ya Bartolomayo, Dodoma, mlinzi alikitazama kitambulisho cha Sikudhani, akakigeuza, akakitazama tena.

"Hiki ni cha kwenu, dada. Hapa hakifungui hata choo."

"Niitie Mzee Bartolomayo."

"Simu imeshapigwa juu yako. Umefutiwa kibali tangu asubuhi. Bastola tafadhali."

"Simu kapiga nani?"

"Bwana Cornel."

Walinzi walikuwa wanne, wenye SMG. Sikudhani aliitoa Walther yake, akaiweka mezani.

Wakafungiwa, yeye na Yahaya, katika chumba chenye dirisha la nondo na mlango mzito wa chuma uliofungukia ndani. Hakuna simu. Hakuna upenyo. Ukutani saa ilionyesha saa nne kasorobo.

Sikudhani aliukagua mlango, bawaba hadi komeo. Kisha akamgeukia mzee.

"Mzee, bosi wao akija, mwambie ulichoniambia jana."

"Jana nilisema nini, mwanangu?"

"Kwamba wapekuzi hawakuwa na mafuta ya kwenda Mvumi, kijijini kwa Cornel, kumuulizia. Wakawaita ndugu zake gesti hapa mjini. Cornel akakuchukua wewe, ukajifanya mjomba wake."

Yahaya aliikunja kofia yake ya kufuma.

"Mimi ni mjomba wake. Mama yake ni dada yangu, tumbo moja."

"Jana ulisema Mvumi huijui hata kwa kuota."

"Jana hapakuwa na nondo, mwanangu."

Sikudhani alikuwa na shahidi mmoja, na shahidi huyo amemruka. Mshale wa saa ulisogea. Mahali fulani Msafiri alikuwa ameshika redio, akisubiri sauti isiyokuja.

Komeo likalia.

Cornel alisimama kizingitini, suti ya kijivu, miwani ya Ray-Ban. Nyuma yake alisimama Mzee Bartolomayo, mvi tupu, na mlinzi.

"Ndiye huyu, mkuu," Cornel alisema. "Kichaa kabisa. Amemteka mjomba wangu kutoka Mvumi!"

Yahaya alisharuka kutoka kwenye kiti. Alivua kofia, akainama hadi kiuno mbele ya Cornel.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba," Cornel akajibu, kama alivyozoea.

Bartolomayo aliwatazama mmoja mmoja.

"Cornel," Bartolomayo aliita polepole. "Huyu ni nani wako?"

"Mjomba wangu, mkuu."

"Mjomba anakuamkia shikamoo? Nawe unaitikia?"

"Ah, mzee... ni utani wetu tu."

"Mimi Mgogo wa hapahapa. Ningemwitikia mjomba wangu hivyo, mama angenitupia vyombo nje. Gesti ulimwamkia vizuri sana. Nilikuwepo."

Mkono wa Cornel ulizama kwenye koti. Ukatoka na Makarov.

Sikudhani aliupiga mlango teke.

Chuma kilikibana kifundo cha mkono kwenye fremu. Mfupa ukalia. Makarov ikaanguka, na kabla haijatulia sakafuni Sikudhani alikuwa ameshaiokota.

"Mfunge pingu," alimwambia mlinzi. "Chumba cha mawasiliano kiko wapi?"

"Ghorofani. Lakini kibali..."

"Mfungulie!" Bartolomayo alifoka.

Alipanda ngazi mbilimbili. Akanyakua kipaza sauti.

"Msafiri! Hapa Kozi."

Mkwaruzo. Kisha pumzi ndefu.

"Nilikuwa nimeshashika kitufe, mama wee."

"Tuma. Anayesikiliza ni mimi."

Msafiri akataja njia. Kongwa, kupitia Mlali. Sikudhani aliirudia kwa polisi neno kwa neno, wakaondoka kuyafuata malori.

"Sasa toka huko," alisema. "Leo hii."

"Nimeshatoka."

Alipoteremka, Bartolomayo alikuwa ukumbini na sera yake, haijatiwa saini.

"Niichane?"

"Hapana, mzee. Ni nzuri. Ila mpekuzi aende mwenyewe hadi mlangoni kwa mtu."

"Mafuta je?"

"Mercedes yako inakunywa kiasi gani?"

Mzee aliikunja sera, akaitia mfukoni.

"Sasa unakimbilia wapi?"

"Mvumi. Yule mliyemfunga pingu si Cornel; angekuwa Cornel, asingekodi mjomba. Cornel Chilewa alizaliwa kweli, na ana mjomba wa kweli. Lazima mtu akamuulize alimwona mara ya mwisho lini."

Alikung'uta vioo kwenye kiti, akawasha gari, akaondoka.