Mpunga Uliokataa Kuchanua

Mama Ngalula aliutupa mganda wa mpunga mezani, mizizi na tope vyote, katikati ya glasi za wageni.

— Tata Kalenga, angalia. Miezi tatu na nusu, majani tu. Huyu mupunga itabeba mimba lini?

Tata Kalenga, baba yake Shekina, aliusogeza mganda kwa kidole. Alikuwa amefika Dilala, nyumbani kwa Mama Ngalula, na suti yake ya kanisani kupanga siku ya dot, mahari ya binti yake. Sasa tope lilikuwa limemwingia kwenye mkono wa koti.

— Mama, tungoje kidogo, alisema Shekina. Mbegu ni muzima. Mi mwenyewe niliichagua.

— Njo maana. Mbegu yako ni tasa. Na mwenye kuileta, nani anajua?

Shekina alimtazama Mukalay, mchumba wake wa miaka mitatu na mwana wa Mama Ngalula, akingoja neno moja tu kutoka kwake. Mukalay alikuwa anakagua viatu vyake.

Shekina alikuwa mtaalamu wa jeni za mpunga, na mbegu ile aliihangaikia miaka minne. Desemba aliwapa Mama Ngalula na wanawake wenzake waipande bondeni, nyuma ya ukuta wa mgodi. Mama Ngalula, kwa furaha, akatangaza mbele ya wote kwamba mpunga ukitoa maua ndoa ifungwe, na wali wa harusi utoke bonde hilo hilo. Machi ikafika nusu. Mpunga ulikuwa umefika kiunoni, kijani kibichi, na hakuna aliyeona suke.

Jioni ile ujumbe wa Mukalay ukaingia kwenye simu ya Shekina.

"Mama anakatala. Mi siwezi kumupinga. Unisamehe."

Aliusoma mara tatu. Akalia, tena kwa sauti, maana moyo ulimuuma kweli kweli. Alipomaliza akapangusa uso na kumpigia Gradi, mwenzake wa maabara ya Lubumbashi. Alikuwa amempelekea majani ya bonde lile, pamoja na majani ya shamba la Mutshatsha, ambako mbegu hiyo hiyo ilishachanua.

— Gradi, uliona nini?

— Jeni ya maua iko muzima fasi zote mbili. Ya Mutshatsha inafanya kazi. Ya kwenu inanyamaza. Kuko kintu kinaifunga mudomo.

— Kintu gani?

— Kile hakiko mu mbegu. Tafuta ku shamba.

Asubuhi alishuka bondeni peke yake. Alizunguka tuta kwa tuta mpaka akafika nyuma ya kibanda cha majembe, mahali ambapo hapakuwa na sababu ya mtu kupita. Hapo akasimama. Masuke yalikuwa yamechomoza, ukanda mwembamba wa mpunga, upana wake sawasawa na upana wa kibanda. Akageuka polepole. Mbele yake kibanda, ng'ambo ya kibanda ukuta wa mgodi, na juu ya ukuta taa kubwa iliyoelekezwa shambani.

— Unatafuta nini huku? Mama Ngalula alikuwa amekuja na jembe begani, bila salamu.

— Mama, ile taa nani aliitia?

— Mutoto wangu, mu Januari. Alisema hataki bezi baguse mupunga ya fiancée wake.

Shekina akakaa chini kwenye tuta akacheka, na machozi yakamtoka. Mukalay alikuwa fundi wa umeme, na taa aliiwasha usiku kucha kufukuza wezi. Kumbe mapenzi yake ndiyo yaliyouzuia mpunga kuchanua.

Akampigia.

— Kuya ku bonde sasa hivi. Nataka usikie mbele ya mama yako.

Mukalay alipofika kwa pikipiki, Shekina alishika jani moja.

— Mama, hii jani njo inapima usiku. Usiku ikikuwa murefu, jeni inaamuka, inatuma ujumbe juu ku ncha: toa maua. Lakini kama mwangaza unakata usiku, jani inazani bado wakati. Haitume kitu. Nyuma ya kibanda kuko kivuli. Jionee mwenyewe.

Mama Ngalula aliinama, akagusa suke, akatazama taa, kisha akamtazama mwanawe.

— Mukalay, nilimutukana mutoto wa bantu, na kosa ni taa yako?

— Ni yangu, mama.

— Juu ya taa sina hasira, alisema Shekina. Ulifanya kwa mapenzi. Kunyamaza kwako njo kuliniuma.

— Unataka nifanye nini?

— Zima taa. Na bezi utabachunga weye mwenyewe, kila usiku, mupaka mupunga itoe maua. Maneno sitaki.

Alizima siku ile ile. Wiki tano alilala kibandani. Mbu walimla, kazini akawa anasinzia, na wanawake wa bonde wakambatiza jina la Zamu, yaani mlinzi. Wiki ya tatu Shekina alipasua shina moja na kuona suke changa limejificha ndani. Hakumwambia. Ila siku hiyo alimletea bukari, ugali wa moto.

Aprili, saa nne asubuhi, simu ikalia.

— Shekina, inafungua, alisema Mama Ngalula. Kuya mbele ya saa sita, maua isifunge. Leta na baba yako.

Walikuta bonde zima linachanua, na pembeni meza ile ile ya Dilala, imetandikwa kitambaa cheupe. Mama Ngalula aliweka suke moja mbele ya Tata Kalenga.

— Tata, ku meza hii nilisema mutoto wako tasa. Nilikosa. Bote basikie.

Akaanza kupiga magoti. Shekina akamshika kabla hayajagusa tope.

— Na mi nilinyamaza, alisema Mukalay, macho juu. Sitanyamaza tena, hata kama mama njo anasema.

Tata Kalenga alikung'uta mkono wa koti lake.

— Bon. Dot ni Jumamosi.

Juni, wali wa bonde ukajaa sahani za harusi. Mama Ngalula akasimama, akagonga glasi.

— Bageni, mukule bizuri. Na weye, fundi ya taa, leo ukifika ku nyumba, unajua kazi ya kwanza.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Shekina alificha uso kwenye shela. Mukalay hakukagua viatu vyake.

— Nilishazima, mama.